Injini Yenye Kuta za Mawe

Anayetaka kuiona injini ya mvuke ya mwaka 1812 ikifanya kazi yake ileile, mahali palepale ilipofungwa, inambidi ateremke kwenye kituo kidogo cha Great Bedwyn, kusini mwa Uingereza, kisha atembee kando ya mfereji wa Kennet and Avon. Njia ni ile waliyopita farasi zamani wakivuta mashua za mizigo. Upande mmoja kuna maji ya mfereji, upande wa pili reli iliyokuja baadaye kuunyang'anya mfereji huo riziki. Nilifuatana na mpwa wangu, fundi wa gereji ya mabasi mjini Reading, kijana wa dizeli na kompyuta. Alikubali kuja kwa sharti kwamba chakula cha mchana kiwe juu yangu.

Dohani ndiyo inayoonekana kwanza, halafu jumba la matofali lenye madirisha marefu, ambalo mgeni angeweza kulidhania kanisa. Hapo ndipo Crofton, kituo cha pampu za mfereji. Waliochimba mfereji walilazimika kuuvusha kilimani, na kileleni hapakuwa na maji ya kutosha. Kila mashua ikipanda au kushuka kupitia malango, maji ya kilele hupungua, na yasiporudishwa mfereji hukauka. Kwa hiyo pampu huyachota kwenye bwawa la Wilton Water, huyapandisha kama mita 12, kisha huyamwaga kwenye mtaro unaoyapeleka hadi kileleni. Kazi hiyo ilifanywa kwa mvuke hadi mwaka 1959. Leo inafanywa kwa umeme, ila siku ambazo wazee wa kujitolea wanawasha moto, injini huishika tena.

Tulipoingia, mpwa wangu alizunguka silinda, akaipapasa kwa kiganja, akatazama juu, akatazama chini.

"Mjomba, injini yenyewe iko wapi?"

Mzee mmoja mwenye ovaroli ya bluu alituona tukishangaa. Nilipomtafsiria swali alicheka, akapiga ukuta kwa kofi. Injini, alisema, ni hii nyumba nzima.

Hakuwa akitania. Sisi tumezoea injini yenye mwili wake: unaifunga kwa boliti sakafuni, na ukihama unahama nayo. Injini hizi kubwa za boriti hazina fremu. Boriti ya chuma imelazwa juu ya ukuta, ikacheza kwenye mhimili wake kama pembea ya watoto. Ncha moja imeshika fimbo ya pistoni, ncha ya pili imeshika fito za pampu. Uzito wote na mshtuko wa kila pigo unaangukia ukuta ule. Ukuta ukinesa, mhimili unapinda, na mhimili ukipinda kazi imekwisha. Mwashi aliyepanga mawe alikuwa fundi injini sawa na yule aliyekereza silinda, ingawa jina lake halikuandikwa kwenye kibao chochote cha shaba.

Kibao cha shaba kimeandikwa Boulton na Watt, waliotengeneza injini hii. Kabla ya James Watt kulikuwa na injini za Thomas Newcomen, ambazo tangu mwaka 1712 zilikuwa zikitoa maji migodini. Zile zilijaza silinda mvuke, kisha zikanyunyiza maji baridi humohumo ndani. Mvuke ukasinyaa kuwa matone, ukaacha utupu, na uzito wa hewa ya nje ukaisukuma pistoni chini. Zilifanya kazi, lakini kila pigo silinda ilipozwa, na pigo lililofuata likala makaa mengi kuipasha upya. Watt, katika hataza yake ya mwaka 1769, alikihamisha kitendo cha kupoza kwenye chombo cha pembeni. Silinda ikabaki ya moto muda wote, chombo cha pembeni kikabaki cha baridi muda wote.

Wazo hilo lilikaa miaka kadhaa bila mtu wa kuliunda vizuri, kwa kuwa hakuna aliyeweza kukereza silinda pana ikawa duara la kweli. Mvuke ulipita ubavuni mwa pistoni. Aliyeiokoa kazi ni John Wilkinson, aliyebuni mashine ya kukerezea mizinga kisha akaitumia kwenye silinda. Silinda yake ya inchi 50 ilisifiwa kwamba kosa lake halikuzidi unene wa shilingi kuukuu. Pengo dogo lililosalia lilizibwa kwa kamba za katani zilizoloweshwa shahamu, zikasokotwa kuizunguka pistoni. Mimi nimekulia shamba la mkonge, baba akiwa fundi wa korona, mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge, na sikutegemea kuikuta katani ndani ya injini ya Watt.

Wakati wa kuanza ulipofika, dereva alishika mikono miwili ya vali akaiendesha kwa mkono: pigo la kwanza, la pili, mpaka injini ikaonyesha kwamba imeshika pumzi. Kisha akaiachia, na fito zinazoning'inia kwenye boriti zikaanza kuzifungua na kuzifunga vali zenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Kumbe kinachosikika ni mkwaruzo wa mikono ya vali, sauti ya mvuke ukivutwa, na huko nje maji yakianguka mtaroni, karibu tani moja kwa kila pigo.

Tulipanda ngazi hadi kwenye sakafu ya boriti. Hapo nilisimama muda mrefu kutazama kitu ambacho wageni wengi walikipita. Ncha ya boriti haiendi wima, inakata upinde. Fimbo ya pistoni ni lazima iende wima, la sivyo itaukwaruza mdomo wa silinda. Watt alizipatanisha mwaka 1784 kwa fito chache zilizounganishwa kwa pini, zikafanya umbo la msambamba linalojikunja na kujikunjua. Upinde wa ncha moja unasahihishwa na upinde wa fito nyingine, na katikati yao kunapatikana mstari ulionyooka. Uzeeni aliandika kwamba anajivunia mpango huu kuliko uvumbuzi wake mwingine wowote. Mpwa wangu alirekodi video yake kwa simu, akairudia polepole mara kadhaa, na habari za chakula cha mchana zikasahauliwa kwa muda.

Sehemu iliyobaki ya safari ilikuwa yangu peke yangu, kwa treni, kuelekea magharibi hadi pale ambapo nchi ya Waingereza inachongoka na kuingia baharini. Ukivuka daraja la Saltash, lililojengwa na mhandisi Brunel na kufunguliwa mwaka 1859, uko Cornwall. Muda si mrefu unaanza kuyaona kutoka dirishani: majumba membamba ya mawe yasiyo na paa, kila moja na dohani yake ubavuni, yamesimama peke yake kwenye majani.

Cornwall ilikuwa na shaba na bati, lakini haikuwa na makaa ya mawe. Migodi ilikwenda chini mpaka ikakutana na maji, na maji hayatoki bila moto. Makaa yaliletwa kwa meli kutoka Wales Kusini. Meli hizohizo zilirudi na mawe ya shaba kwenda kuyeyushwa Swansea. Mahali ambapo makaa yanachimbwa uani, mtu anaweza kuvumilia injini mlafi. Hapa kila ndoo ya makaa ilikuwa imelipiwa nauli ya meli na ya mkokoteni. Boulton na Watt walilijua hilo. Hawakuuza injini tu, walidai pia theluthi moja ya fedha ambazo mwenye mgodi ameokoa kwa kutotumia injini ya Newcomen. Fikiria kulipa kila mwezi kwa makaa ambayo hukuyachoma! Watu wa Cornwall walilipa kwa kinyongo. Baadhi walijaribu kuikwepa hataza na wakaburutwa mahakamani, mpaka ilipokwisha muda wake mwaka 1800.

Baada ya hapo wafanyakazi wa Watt waliondoka, na injini zikaachwa kujitunza. Dawa ilianza mwaka 1811, pale Joel Lean alipoanza kutoa ripoti ya kila mwezi. Ripoti ilitaja kila injini iliyopimwa, jina la mhandisi wake, na kazi iliyofanya kwa busheli moja ya makaa, yaani kilo 43 hivi. Kipimo chao kilikuwa pauni za maji zilizopandishwa futi moja. Mwanzoni wastani haukufika milioni 20. Mwaka 1835, kwenye jaribio mgodini Fowey Consols, injini iliyobuniwa na William West ilifikisha milioni 125. Kwa hesabu yetu ni kama tani 560 za maji kupanda futi 100 kwa makaa yanayojaa gunia moja la kadiri. Nimesoma sifa nyingi za wavumbuzi, lakini kwa maoni yangu karatasi ile ya kila mwezi ilifanya kazi kubwa sawa na mvumbuzi yeyote. Mhandisi aliyeshika mkia alijulikana wilaya nzima, na aliyeongoza hakuweza kuificha siri yake kwa muda mrefu.

Nilishukia Redruth, nikaenda Pool kuiona Taylor's, injini ya mgodi wa East Pool. Dohani yake ina herufi EPAL za matofali meupe, kubwa za kusomeka kutoka barabarani. Silinda ina kipenyo cha inchi 90, yaani mita mbili na robo na ushei. Ukisimama kwenye sakafu ya chini, unachokiona ni ukuta wa mviringo wa chuma uliovishwa koti la mbao ili joto lisitoke. Ilisubiwa na kampuni ya Harvey ya Hayle mwaka 1892 kwa ajili ya mgodi mwingine. Mwaka 1924 ikanunuliwa ikiwa imetumika, ikahamishiwa hapa na kujengewa nyumba mpya. Ilivuta maji hadi mwaka 1954, karibu lita 2,000 kwa dakika kutoka kina cha mita zaidi ya 500.

Hapo ndipo ubahili wa Cornwall unapoonekana umekamilika. Richard Trevithick, mzaliwa wa vitongoji hivihivi, alikuja na boila ya mviringo ambayo moto wake unawaka kwenye bomba linalopita ndani ya maji. Boila hiyo ilihimili mgandamizo ambao Watt aliuogopa maisha yake yote: pauni 40 kwa inchi mraba, wakati Watt aliridhika na chache tu. Mvuke wenye nguvu unaruhusiwa kuingia juu ya pistoni kwa sehemu ya kwanza tu ya mwendo, kisha vali inafungwa. Safari iliyobaki pistoni inasukumwa na mvuke uleule ukitanuka, bila makaa ya ziada. Pistoni ikishuka, ncha ya pili ya boriti inanyanyua fito za misonobari zilizounganishwa hadi kina cha shimo. Halafu vali ya kusawazisha inafunguka, mvuke wa juu unapita kwenda chini ya pistoni, na fito zinaanza kushuka kwa uzito wake. Maji yanasukumwa juu katika kushuka huko. Mvuke unanyanyua mzigo wa fito, na mzigo wa fito ndio unaopiga pampu.

Kisha injini inatulia. Mgeni anaweza kudhani imeharibika, kumbe imepumzishwa kwa makusudi na kifaa kidogo kilicho chini ya sakafu, katarakti. Ni uzito unaoshuka ukisukuma maji kupitia tundu dogo. Dereva akilibana tundu, mapumziko yanarefuka, akililegeza, yanafupika. Wakati wa kiangazi mgodi ukiwa na maji machache, injini kubwa kama hii iliweza kupiga pigo moja, ikangoja, ikapiga lingine, bila kupoteza mvuke.

Boriti ya Taylor's ina uzito wa tani 52. Nilipita chini yake kwa haraka kuliko ilivyolazimu. Chuma cha kusubu kinabeba mzigo wa kukandamizwa bila shida, ila kikivutwa kinaweza kupasuka ghafla, hasa kama kuna kiputo cha hewa kilichojificha ndani tangu siku ya kusubu. Januari 1862, kwenye mgodi wa makaa wa Hartley, kaskazini mwa Uingereza, boriti ya injini ya kutoa maji ilivunjika vipande viwili. Nusu moja iliangukia shimoni, na shimo lilikuwa moja tu. Wanaume na wavulana 204 walifia chini. Mwaka huohuo ikatungwa sheria kwamba mgodi uwe na njia mbili za kutokea. Boriti za baadaye, kama hii ya Pool, ni nene katikati na zimejaa mbavu, na sasa nilielewa kwa nini.

Hayle ni mji mdogo kwenye mdomo wa mto, watu wakienda huko kwa ajili ya fukwe. Hapa viwanda viwili viliishi kwa kugombana: Harvey upande mmoja na Copperhouse upande wa pili. Trevithick alimwoa Jane Harvey, binti wa mwanzilishi, mwaka 1797, hivyo injini na ukwe vilikwenda pamoja. Upande wa Copperhouse nilizikuta nyumba na daraja vilivyojengwa kwa matofali meusi yenye mng'ao wa zambarau. Hayo ni mabaki ya kuyeyusha shaba, takataka iliyomiminwa kwenye kalibu ikapoa kuwa jiwe.

Kwa upande wa Harvey yamebaki majengo machache na uwanja unaoitwa Foundry Square. Nilikaa kwenye benchi nikajaribu kuona jinsi silinda ya upana wa chumba ilivyozaliwa bila kreni ya umeme. Walichimba shimo. Ndani yake walijenga kiini cha matofali, wakakipaka udongo uliochanganywa na samadi ya farasi, wakauzungusha ubao uliokatwa umbo mpaka udongo ukawa duara laini. Ukakaushwa kwa moto. Ganda la nje likatengenezwa vivyo hivyo, shimo likafukiwa na kushindiliwa, kisha chuma kilichoyeyuka kikaachiwa kitiririke bila kukatika. Kikikatika katikati ya kazi, silinda nzima ni chuma chakavu. Samadi na majani yake viliungua vikaacha vijitundu vya kutolea hewa. Baada ya hapo ni kungoja, maana kitu kikubwa hivyo kikiharakishwa kupoa kinapasuka.

Kutoka ufukweni hapo vyuma vilipakiwa kwenda mbali: Mexico, Australia, Hispania. Afrika Kusini, huko O'okiep katika nchi kame ya Namaqualand, jumba la pampu la mtindo wa Cornwall bado limesimama.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Levant, ukingoni mwa majabali ya Atlantiki, ambako mgodi uliendelea chini ya bahari. Injini ndogo ya mwaka 1840 ya kupandishia mawe ingali pale. Mwaka 1935 ilikuwa karibu kuuzwa chuma chakavu, wapenzi wa injini za kale wakachanga fedha wakaiokoa. Mgodi huohuo ulikuwa na mtambo wa kupandisha watu: fito ndefu zenye vikanyagio, zikipanda na kushuka kwa nguvu ya injini, na mchimbaji akiruka kutoka kikanyagio hadi jukwaa, kutoka jukwaa hadi kikanyagio, mpaka juani. Oktoba 1919 kiungo cha chuma cha juu kilikatika. Walikufa watu 31.

Nikitembea kuelekea Botallack, niliweza sasa kuyasoma magofu. Tao kubwa la ukuta wa nyuma ndimo silinda ilimoingizwa. Ukuta wa mbele, mfupi na mnene kuliko wenzake, ndio uliobeba boriti, na ukiuona unajua shimo liko upande gani. Chuma chote kimeuzwa zamani. Kilichobaki ni ile sehemu ya injini ambayo wanunuzi wa chuma chakavu hawakuweza kuibeba.

Ndege yangu ya kurudi Dar es Salaam ilipitia Amsterdam, nami nilijipangia nafasi ya kwenda Cruquius, mwendo mfupi wa basi kutoka uwanjani Schiphol. Mahali uwanja ulipo palikuwa ziwa, Haarlemmermeer, lenye kilomita za mraba zipatazo 180, lililokuwa likila ardhi ya Waholanzi kila dhoruba. Injini tatu za mvuke zililikausha kati ya mwaka 1849 na 1852. Ya Cruquius imo kwenye mnara wa mviringo wenye taji la ngome, na kutoka madirishani zinachomoza boriti nane, zote zikiegemea ukuta uleule. Silinda ya nje ina kipenyo cha inchi 144, na ilitoka Hayle. Ndani yake kuna silinda nyingine: mvuke unafanya kazi kwanza katika ile ndogo, halafu unahamia katika kubwa kukamuliwa tena. Iliacha kazi mwaka 1933. Siku hizi boriti zinatikiswa na mafuta ya haidroliki ili wageni waone.

Mwongozaji alisema pigo moja liliinua lita 64,000, mapigo matano kwa dakika. Nikiwa kwenye basi nililinganisha na Taylor's, ambayo ilitoa lita 2,000 tu kwa dakika. Ukitazama maji peke yake, Cruquius inaishinda mara 160. Lakini hii iliyapandisha mita tano hivi, na ile mita 500 na zaidi, hivyo tofauti ya kazi yao ni kama mara moja na nusu. Nilitaka kuendelea hadi kwenye makaa, nijue nani alikuwa bahili zaidi kati ya mtu wa Pool na Mholanzi, ila basi lilikuwa limeshafika Schiphol na dereva ameshaanza kuteremsha mabegi.